Unga wa Mifupa

Bernadeta alikuwa na mikono iliyosikitikiwa na kijiji kizima. Vidole vilianza kumvimba kwenye vifundo, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi alikuwa haamki bali anajikunjua, kidogo kidogo, mpaka jua lipande ndipo aweze kushika kikombe. Watu wakasema ni baridi yabisi, wakaisingizia baridi ya milimani, maana huko kwao juu ya Mlali ukungu haubishi hodi. Wakamchanja chale za magoti na viwiko, wakamkanda kwa maji ya chumvi, padri akamwombea. Wapi! Mwanamke aliyekuwa akipanda na kushuka matuta ya kabichi kama mbuzi akawa wa kufungiwa kitenge na jirani.

Halafu ukaja unga.

Uliuzwa gulioni na bwana mmoja aitwaye Ezekiel, katika vikaratasi vilivyokunjwa, wa rangi ya udongo, mchungu kama shubiri. Aliapa ni magome na mizizi mitupu, na wala hakuwa anadanganya. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na aliyemletea gunia. Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni. Hazikupita siku nyingi Bernadeta akafunga kitenge mwenyewe. Baadaye kidogo akashika jembe. Basi wanawake wenye magoti, viuno na vidole vibovu wakawa wanashuka gulioni kwa makundi, na Ezekiel hakuwa na haja tena ya kuita wateja. Wewe unayecheka, subiri mifupa ikuume mwaka mzima ndipo uje uniambie ungeukataa.

Tena Bernadeta alinenepa, jamani! Mashavu yalimjaa, uso ukawa duara na kung'aa, nyuma ya shingo pakaota kinundu cha nyama. "Bernadeta, umenawiri!" watu wakamwambia njiani, naye akacheka na kujibu, "Mungu si Athumani."

Sasa, Bernadeta hakuzaa. Lakini dada yake alipofariki aliacha mtoto mchanga, Irene, na kwa Waluguru dada wa mama ni mama, hakuna mjadala. Lukolo, yaani ukoo, hufuata tumbo la mama. Shamba hufuata tumbo la mama. Na mtoto naye ni hivyo hivyo. Irene alikua mgongoni kwa Bernadeta, akala kwa mkono wake, akapelekwa shule naye, na mwaka huu alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi mjini Morogoro, amepanga chumba Mafiga na wenzake. Kijiji kilimwita nesi kabla hajawa nesi. Yeye alikataa kwa mdomo, ila moyoni alilipenda hilo jina.

Alikuja likizo akiwa ametoka kufanya mtihani. Muhula mzima walikuwa wamesomeshwa magonjwa ya viungo na ya tishu zinazoushikilia mwili pamoja. Mwalimu wao, Madam Mercy, alikuwa hana mchezo. Aliwapigisha kwata: goti la mzee linalosagika kwa umri ni jambo moja, jongo linalowaka kwenye kidole gumba cha mguu ni jingine, na lupasi, ile inayochora wekundu kwenye mashavu ya msichana na kumharibu figo, ni jingine kabisa. Na baridi yabisi yenyewe, ile hasa, haiji na upepo wala ukungu. Ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa, ikageuka kumpiga mwenye nyumba. Hula vifundo vya pande zote mbili, hukakamaza mikono asubuhi, na hupenda wanawake. Irene alipolisikia hilo darasani alimwona Bernadeta mbele yake, akaandika kila neno.

Kulikuwa na swali moja katika ule mtihani. Mgonjwa aliyezoea steroidi, ile dawa kali ya kuzima uvimbe, akiikatisha ghafla nini humpata? Irene alijaza nusu ukurasa. Tezi zilizo juu ya figo, aliandika, huwa zimelala kwa sababu dawa inazifanyia kazi yake. Dawa ikiondoka ghafla hakuna wa kuziamsha. Presha hushuka, sukari hushuka, mgonjwa hutapika, huishiwa nguvu, na asipowahiwa hufa. Steroidi hupunguzwa polepole, haikatwi. Alipata alama zote. Nakuambia hili mapema, usije ukasema nilikuficha.

Alipofika nyumbani alimkuta Bernadeta uani akifunga karoti mafungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unione! Si wa kufungiwa kitenge tena mimi."

Irene alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Aliishika ile mikono, akaviona vidole vimepungua uvimbe ingawa vimeanza kupinda. Akauona na ule uso wa mviringo. Alishawahi kuuona uso wa namna hiyo kitabuni, picha ya mzungu mmoja, na chini yake maelezo. Lakini wa kitabuni ulikuwa wa kitabuni. Wa mama yake aliuona ni shibe, kama walivyouona wengine wote.

Jioni alimwona anatia kijiko cha unga kwenye uji. "Mama, nini hiyo?"

"Dawa ya mifupa. Ya Ezekiel."

Damu ilimchemka binti wa watu. Madam Mercy si alikuwa amewaambia wakaielimishe jamii? Unga huu ambao hakuna aliyeupima huua figo, huua ini. Ni kweli, huua. Irene alimweleza Bernadeta kwamba ugonjwa wake una jina, una kliniki mjini, una dawa za kweli za kuutuliza, na kwamba likizo ikiisha wataongozana. Huu unga aache. Haikumpitia akilini kwamba ndani ya mizizi mtu anaweza kusagia vidonge. Kwake yeye steroidi ilikuwa kidonge cheupe kwenye kopo lenye maandishi, na mizizi ilikuwa mizizi.

Angeishia hapo, labda. Lakini Alhamisi Jumuiya ya kanisa ilisali uani kwa Bernadeta, na baada ya rozari katekista akasema, "Nesi wetu yupo, atupe elimu." Irene akasimama. Alichora kifundo kwa mkaa kwenye boksi la sabuni, akaeleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, na wanawake wakaitikia kwa vichwa. Alipofika kwenye unga alipandisha sauti.

"Acheni unga huu! Leo! Si kesho!"

Nani atupe kitu kilichomwinua kitandani? Hapo Bernadeta akainuka, akaingia ndani, akatoka na vikaratasi vyake vyote kiganjani, akaenda navyo chooni akavimwaga. Aliporudi alipangusa mikono kwenye kanga na kukaa. Rosa, mke wa katekista, akaenda kwake kutupa wake, kwa sababu mke wa katekista hawezi kubaki nyuma ya watu. Baada yake wakaenda wengine. Irene alilala na furaha siku ile.

Ila kabla ya kulala Bernadeta alimwambia neno. "Mimi sikuutupa kwa kuwa nimeelewa, mwanangu. Nimeutupa kwa kuwa ni wewe."

Maumivu yalirudi upesi, na hilo Irene alilitegemea. Alimkanda, akampa panadoli. Ila hayakuja peke yake. Bernadeta alianza kutapika. Akakataa chakula, tumbo likamuuma, miguu ikawa haimbebi hata kufika mlangoni. Irene alimfuta jasho akamwambia, "Ni sumu inatoka, mama. Vumilia." Na wanawake waliokuja kumjulia hali wakalisikia hilo neno, wakaondoka nalo majumbani kwao.

Zahanati walipima malaria, hakuna. Wakampa maji ya chumvi na sukari, akayatapika. Asubuhi iliyofuata aliitwa jina lake akawa anatazama tu. Hapo ndipo mjomba Yohana, kaka yake Bernadeta na mkubwa wa lukolo, alipoita vijana na machela, wakamshusha kwa zile njia za utelezi mpaka barabarani, wakampakia kwenye fuso lililokuwa linapeleka kabichi mjini. Irene alipanda nyuma, akampakata kichwa kati ya magunia. Mjomba Yohana alibaki kuangalia nyumba.

Hospitali daktari wa zamu alikuwa kijana, Daktari Innocent. Aliutazama uso wa Bernadeta. Akakifunua kitenge, akaona michirizi ya zambarau tumboni, na mikononi mabaka ya damu kama ya mtu aliyepigwa. Hakuuliza malaria.

"Anatumia steroidi tangu lini?"

"Hatumii steroidi, daktari," alisema Irene. "Alikuwa na unga wa mizizi. Nimemwachisha."

"Umemwachisha vipi? Ghafla?"

Ile nusu ukurasa ilimjia Irene yote, pamoja na vema nyekundu za Madam Mercy pembeni. Alitazama uso ule wa duara uliolala juu ya mto, akausoma sasa, mstari kwa mstari, akakaa sakafuni.

Daktari hakumkaripia. Hakuwa na nafasi. Alichoma sindano, akatundika dripu, akatundika ya pili, akaagiza sukari ya mshipani. Kuna saa Bernadeta alifumbua macho akamtambua mtoto wake. "Irene," alisema, "umekula?" Hakusema kingine. Mchana ule ule alifariki.

Irene alilia mpaka sauti ikakauka. Ndipo Daktari Innocent alipomvuta kiti, akakaa mbele yake, akamwuliza kwa upole, "Dada, samahani. Ni yeye peke yake aliyeacha huo unga?"

Ah! Kuna maswali ni afadhali mtu akupige kofi.

Aliposikia jibu, daktari alimpa vidonge, akampa maelekezo: kila aliyeacha ameze leo leo, na mwenye kutapika asisubiriwe, aletwe hospitali mbio. "Piga simu sasa hivi," alisema.

Irene alipiga. Mtandao wa kule juu ni wa kubahatisha, lakini mjomba Yohana alipokea. Irene akamwambia Bernadeta hatunaye. Alisikia yule mzee akipiga yowe, akasikia watu wakija mbio, kilio kikipanda. Hapo ndipo alipotakiwa kusema lile la pili. Kinywa alikifungua. Akaona nyuso za wale wanawake, akamwona Rosa, akamsikia mjomba anamwuliza, "Mwanangu, kilichomwua nini?" Akajibu, "Presha, mjomba." Simu ikakatika. Alijiambia atayasema ana kwa ana, kesho, atakapopanda na maiti, na vidonge anavyo mkobani, na usiku mmoja si kitu. Mimi simtetei. Aibu ni mzigo, lakini kuna watu huubeba na wengine huubebesha.

Kesho yake pikapu ilipanda na jeneza hadi barabara inapoishia, waliobaki wakalibeba mabegani. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake mkekani, wanaume kwenye mabenchi chini ya turubai, wachimba kaburi wanarudi na majembe mabegani, padri amefika anavaa kanzu yake ndani. Irene aliwatafuta kwa macho wale wa Jumuiya. Walikuwepo, wamekaa wamejikunja, wengine rangi zimewatoka. Alijiambia ni msiba.

Na mtani alikuwepo. Msiba wa Waluguru bila mtani haujakamilika. Ukoo wa utani ndio wenye ruhusa ya kucheka pale wengine wanapolia, na haruhusiwi mtu kuwakasirikia. Abeid, mtani wa lukolo yao, alikuwa ameshajivika kanga ya Bernadeta na sufuria kichwani. Alipita katikati ya mkeka amevipinda vidole, anajikunjua kama Bernadeta alivyokuwa akijikunjua asubuhi, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akajinyoosha, akaweka mkono kiunoni, akaikunja shingo kisomi.

"Acheni unga huu!" alipayuka kwa sauti nyembamba. "Leo! Si kesho!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Hata mjomba Yohana alificha uso kwenye kofia.

Irene akasimama. "Ni kweli, mtani," alisema. "Mimi ndiye niliyemwua."

"Haya, mmesikia!" Abeid aliruka juu. "Nesi amekiri mwenyewe! Faini! Leteni jogoo!" Kicheko kikapanda zaidi, watu wakapiga makofi, wakasema huyu binti kasoma na utani bado anaujua.

"Sitanii!" alipiga kelele Irene. "Jamani, nisikilizeni, sitanii! Ule unga ulikuwa na dawa ya hospitali ndani yake. Ukiizoea, huiachi ghafla. Ukiiacha ghafla unakufa. Mimi nilisoma hilo. Nilikuwa nalijua! Nikamwachisha mama, nikawaachisha na nyinyi. Nani anatapika? Niambieni, nani anatapika?"

Kicheko kilikufa upande mmoja wa mkeka, kikachelewa kufa upande wa pili. Abeid aliishusha sufuria taratibu. Mwanamke mmoja akainua mkono kama mwanafunzi, na mwingine, na mwingine.

"Rosa yuko wapi?" aliuliza Irene.

"Hakuweza kuja," alijibu mmoja wao. "Tangu juzi yuko chini. Tulitaka kumpeleka zahanati, akakataa. Anasema sumu inatoka, kama ulivyotufundisha."

Irene alimwachia mwanamke aliyekuwa karibu vile vidonge, akamwambia kila mmoja ameze sasa hivi na maji, kisha akakimbia. Walikimbia wengi nyuma yake. Nyumba ya katekista haikuwa mbali, na Rosa walimkuta kitandani, ngozi baridi, jasho limemlowesha, macho yamefumba nusu. Mapigo yake Irene aliyatafuta mkononi asiyapate, akayapata shingoni, madogo, ya mbio. Katekista alikuwa amepiga magoti pembeni anasali.

"Machela!" alisema Irene. "Lazima ashuke sasa."

Mjomba Yohana alikuwa amefika mlangoni, anahema. Hakumtazama usoni. Aliwageukia wachimba kaburi, akawaamuru waache majembe wabebe.

"Mjomba," Irene alimshika mkono, "nisubirini nirudi. Nimzike mama. Nakuomba, mjomba."

"Padri anashuka leo, na maiti haingoji jua la kesho," alisema mzee. "Jana nilikuuliza kwenye simu, Irene. Nilikuuliza kilichomwua. Huyu alikuwa amelala hapa hapa." Akautoa mkono wake polepole. "Nenda. Aliye hai ndiye mwenye haraka. Kuzika tutazika sisi."

Basi akaenda. Aliteremka mlima ameshika kichwa cha Rosa kisiyumbe, akimpaka asali kidogo kwenye ufizi kwa kidole, akimwita jina. Walipofika kwenye kona ya chini walisikia juu kengele ya misa, kisha nyimbo. Mmoja wa wabebaji alisimama kidogo akavua kofia. Irene alimwambia asisimame, twende.

Rosa hakufa. Daktari Innocent alimchoma ile ile sindano, na safari hii mwili ulikubali. Wale wengine waliletwa jioni kwenye pikapu ile ile iliyopandisha jeneza, wamebanana, wanaogopa. Waliandikishwa kliniki wapunguziwe dawa kidogo kidogo, kama inavyotakiwa, na kuanzishiwa zile za kweli. Watu wa hospitali walimsifu Irene. Walisema bila yeye wangekuja kuokotwa mmoja mmoja. Yeye alitamani wanyamaze.

Rosa alipopata nguvu ya kusema, Irene alikuwa pembeni ya kitanda anamkanda vidole.

"Wamemzika?" aliuliza Rosa.

"Wamemzika, mama. Jana."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

Rosa alitazama dari. Alikuwa mama wa mila, na hakusema kwa ubaya. "Mtoto ndiye anayetia udongo wa kwanza," alisema. "Bernadeta hakuwa na mwingine. Nani alimtilia?"

"Sijui, mama," alisema Irene. "Mjomba hapokei simu yangu."

Akaendelea kukanda kidole kimoja baada ya kingine. Kisha ikamshinda, akalala kifudifudi juu ya mkono wa Rosa, akalia kwa sauti, akimwita Bernadeta mbele ya wodi nzima.